Kijiji Kisomewe Mapato na Matumizi Yake

Katika vijiji vya Tanzania kuna lalamiko moja ambalo mgeni atokaye Kenya hulisikia mara kwa mara na aghalabu hulipuuza, akidhani ni gumzo la kawaida la watu waliochoshwa na viongozi wao. Lalamiko lenyewe ni fupi: "Hatujasomewa mapato na matumizi." Ni maneno manne tu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, katika maneno hayo manne mna elimu ya uraia kubwa kuliko ile iliyomo katika nyingi za semina tunazoandaliwa humu nchini kuhusu haki za mwananchi.

Nitamwomba msomaji anivumilie kidogo nikipasue kitenzi hicho, kwani hiyo ndiyo kazi inayonipa riziki. Katika "hatujasomewa", anayetawala sentensi ni "sisi", yaani wanakijiji. Mwenyekiti hatajwi, mtendaji hatajwi, na fedha zenyewe zimesukumwa nyuma ya kitenzi. Kauli ni ya kutendewa: kusoma kwenyewe kunapaswa kufanywa kwa ajili yetu, mbele yetu, tukisikia. Kisha kuna kile kiambishi "-ja-", ambacho walimu wa sarufi wanajua kwamba hakisemi tu kuwa jambo halikutendeka, bali kwamba lilitarajiwa kutendeka na bado linangojewa. Asemaye "hatukusomewa" anasimulia yaliyopita. Asemaye "hatujasomewa" anadai deni.

Sasa linganisha na swali ambalo Mkenya huuliza anapoona kisima kimechimbwa nusu na mkandarasi ametoweka: "Pesa zetu zilienda wapi?" Hapa mtenda ni pesa. Ni kana kwamba zina miguu, zilijiondokea usiku, nasi tumebaki kuulizana njia zilizoshika.

Tofauti hiyo ya lugha haikuzuka hewani. Tanzania ilizivunja serikali zake za mitaa mwaka 1972, ikajaribu kuendesha mambo ya wilaya kupitia maofisa wa serikali kuu, kisha mwaka 1975 ikatunga sheria ya kuandikisha vijiji na kuvipa uongozi wake. Mwaka 1982 ikaja Sheria Namba 7 ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayoviongoza vijiji hivyo hadi leo. Vijiji vyenyewe ni zaidi ya 12,000. Kila kimoja kina mkutano mkuu, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na kina halmashauri yenye wajumbe kati ya 15 na 25 wanaochaguliwa na mkutano huo. Halmashauri hugawanyika katika kamati: moja ya fedha na mipango, nyingine ya huduma za jamii na kujitegemea, nyingine ya ulinzi na usalama. Mkutano mkuu unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa, ikabandikwa pia kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.

Fedha zinazohusika si nyingi. Ni ushuru wa gulio, ada za vibali, faini za mifugo iliyoingia mashambani, kodi ya jengo la kijiji lililopangishwa, michango ya wananchi, na kile kinachorudishwa na halmashauri ya wilaya. Mwaka 2003 serikali iliifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo kila mtu mzima alitozwa kwa kichwa chake. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa wapo waliokuwa wakikimbilia vichakani kila wakisikia mgambo wanakuja. Lakini tangu hapo kijiji kimetegemea zaidi ruzuku itokayo juu. Hapo nina neno la kusema kuhusu neno lenyewe. "Kuruzuku" katika Kiswahili cha zamani ni kazi ya Mwenyezi Mungu: humruzuku amtakaye. Fedha ambazo ni kodi za wananchi wale wale zimepewa jina linalozifanya zionekane fadhila iliyoteremka, na fadhila haidaiwi wala haikaguliwi. Sidhani kwamba aliyelichagua neno hilo alikusudia hivyo, lakini maneno hufanya kazi hata pale ambapo waliyoyachagua wamelala.

Zaidi ya fedha, kuna kinachoitwa nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji, matofali, na siku za kazi. Wanakijiji hunyanyua kuta za darasa au za zahanati hadi kwenye lenta, kisha wilaya hutakiwa kuezeka na kumalizia. Kuta hizo zisizo na paa huitwa "boma". Mkenya akisikia kwamba kijiji fulani kina maboma matatu atafikiria nyumba tatu zenye wake, watoto na ng'ombe, kumbe ni majengo matatu yanayonyeshewa mvua yakisubiri mabati. Hesabu nzuri ya kijiji huthamini nguvu hizo kwa shilingi na kuziandika upande wa mapato. Jambo hilo linaonekana dogo, ila mama aliyebeba ndoo za maji ya kuchanganyia saruji akisikia kazi yake imesomwa kama shilingi kadhaa, anajua kwamba jengo lile si zawadi ya mtu.

Vipo pia vijiji vyenye bahati ya kuwa na mali. Sheria ya Misitu ya 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yake na kuweka mapato yatokanayo nayo. Wilayani Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na wanunuzi wa mpingo, mti ambao huchongwa zumari na klarineti za Ulaya, wakawa watu wa kulipa katika hazina ya kijiji. Hapo mjadala wa mkutano mkuu haukuwa tena kuhusu faini ya mbuzi. Fedha zikishakuwa nyingi, kusomewa huwa si adabu tu bali ni ulinzi.

Nisije nikaeleweka kwamba ng'ambo ya Namanga ni peponi. Sheria inasema miezi mitatu, na vipo vijiji vinavyokaa mwaka mzima bila mkutano. Mtendaji wa kijiji huajiriwa na wilaya, kwa hiyo jicho lake moja daima liko juu kwa mwajiri wake. Ipo mikutano ambayo haitimizi akidi, na ipo ambayo hesabu husomwa mbiombio jua likizama ili watu watawanyike. Magazeti ya huko hayakosi habari za wanakijiji waliomkataa mwenyekiti wao. Lakini tazama sababu wanayoitoa. Mara nyingi hawasemi kwamba ni mwizi, kwa kuwa wizi unahitaji ushahidi. Husema hajawasomea mapato na matumizi. Kutosoma kwenyewe ni kosa, hata kabla haijajulikana kama kuna kilichoibwa. Huo ni msimamo wa watu wanaojua wanachodaiwa na wanachodai.

Wala kusoma kwa Kiswahili peke yake hakutoshi, kwa sababu Kiswahili nacho kina vichaka vya kujifichia. Nitatoa mfano ambao nimeubuni mwenyewe. Tuseme kijiji kimeanza mwaka na bakaa ya shilingi 310,000. Mwaka huo kikakusanya shilingi 2,640,000, jumla ikawa 2,950,000. Taarifa inasomwa: "Shilingi 1,480,000 zimetumika kununulia mabati. Shilingi 620,000 zimetumika kununulia saruji. Shilingi 690,000 zimetumika kwa usafiri na mengineyo. Bakaa ni shilingi 160,000." Hesabu inakaa sawa, hakuna hata senti iliyopotea, watu wanapiga makofi na kuondoka.

Mwanafunzi makini atakuwa ameona mambo mawili. La kwanza ni "mengineyo", neno lenye njaa kubwa kuliko yote katika uhasibu wa Kiswahili. Likiunganishwa na usafiri, limemeza zaidi ya saruji yote. La pili ni kitenzi. "Zimetumika" iko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo, tofauti na ile ya kutendwa, haina nafasi ya mtenda. Unaweza kusema "fedha zimetumiwa na katibu", sentensi ikasimama wima. Jaribu kusema "fedha zimetumika na katibu" usikie jinsi sikio linavyokataa. Kauli ya kutendeka ndiyo tunayoitumia kwa mambo yanayojitukia yenyewe: kikombe kimevunjika, kamba imekatika, mlango umefunguka. Mhasibu anaposema zimetumika, amezihamisha fedha kutoka ulimwengu wa watu na maamuzi yao hadi ulimwengu wa vikombe na kamba. Ndiyo maana naamini kwamba swali lenye manufaa kuliko yote katika mkutano wa kijiji ni lile linalobadilisha kauli: "Zilitumiwa na nani, aliyeidhinisha ni nani, na stakabadhi iko wapi?"

Kwa ufupi, mwanakijiji anayezisikia hesabu kwa lugha anayoimiliki anaweza kunasa hila iliyomo katika lugha hiyo. Asiyezisikia kwa lugha yake hawezi hata kujua kwamba kuna hila. Hapo ndipo ninapotaka turudi nyumbani.

Kenya iliamua zamani kwamba fedha za umma zitazungumza Kiingereza. Sitii chumvi. Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge letu, tukafurahi. Lakini katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 53, iliruhusu mijadala kwa Kiswahili huku ikiagiza kwamba miswada, sheria, na maazimio yote ya fedha pamoja na hati zake yaandikwe kwa Kiingereza. Mbunge aliweza kuilalamikia bajeti kwa Kiswahili, ila bajeti yenyewe haikuwa na ruhusa ya kumjibu kwa lugha hiyo. Katiba ya 2010 iliondoa kizuizi hicho. Ibara ya 7 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, na Ibara ya 201 inataka uwazi, uwajibikaji na kushiriki kwa umma katika mambo ya fedha. Kizuizi cha sheria kimeondoka. Mazoea yamebaki.

Kwa sadfa ya ajabu, ni kifungu cha 53 tena, safari hii cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kinachozungumzia baraza la kijiji. Baraza hilo linafaa kuwa na msimamizi wa kijiji na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wanaoteuliwa na msimamizi huyo kwa idhini ya bunge la kaunti. Kazi yao ni kuratibu namna kijiji kinavyoshiriki katika utawala, kufuatilia utekelezaji wa sera, na kuwashauri wasimamizi wa wadi na wa kaunti ndogo. Ni jambo jema, lakini msomaji aone tofauti. Kule wajumbe huchaguliwa na mkutano wa wakazi wote, huku huteuliwa. Kule kijiji kina hazina yake na hesabu yake, huku kifungu hakitaji hazina ya kijiji wala mkutano wa kusomewa. Mzee wa kijiji wa Kenya, ambaye kwa miaka na mikaka amefanya kazi ya kusuluhisha, kuzika na kuitisha baraza la chifu bila mshahara, amepewa jina jipya bila kupewa daftari.

Tena tuna kile tunachokiita "ushirikishwaji wa umma". Neno hilo nalo halikunipendeza tangu siku ya kwanza. Toka "kushiriki" tulipata "kushirikisha", kisha "kushirikishwa", na mwishowe tukaunda nomino. Katika kila hatua mwananchi amesogezwa mbali na kitendo. Katika "ushiriki" yeye ndiye anayetenda. Katika "ushirikishwaji" kuna mwenyeji aliyemwita, akampa kiti na soda, na anaweza pia asimwite. Huenda ndiyo sababu watu wengi mitaani wameamua kulitaja jambo hilo kwa Kiingereza kilichovunjika, wakiwaachia wenyewe neno lao.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha aina hiyo katika wadi ya kaunti ambayo sitaitaja. Tuligawiwa makadirio ya matumizi, kurasa nyingi za Kiingereza na majedwali, na afisa kijana mwenye heshima akatufafanulia kwa Kiswahili kwa muda wa dakika kama kumi hivi. Mama mmoja mzee akainuka, akamwuliza: "Mwanangu, kisima chetu kimeandikwa wapi hapo?" Kijana akafunua kurasa, akafunua tena, kisha akajibu: "Mama, kiko ndani ya programu ya maji." Mama akashukuru, akaketi. Sikumwona kijana yule kuwa mjanja. Naamini naye hakukiona kisima. Kilikuwa kimezama katika jumla ya programu, na programu ilikuwa imezama katika lugha ambayo mwenye kisima haijui.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 haikuruhusu hali hiyo. Inataka makadirio yaliyoidhinishwa yachapishwe kwa namna iliyo wazi, inayoeleweka kwa urahisi na umma. Kueleweka kwa urahisi na nani? Kama umma ni ule uliosoma hadi chuo kikuu, sawa. Kama ni umma wa wadi, basi Kiingereza cha kihasibu, ambacho hata mimi mwenye shahada ya uzamifu hukisoma nikiwa nimekunja uso, hakitimizi matakwa ya sheria.

Najua majibu ambayo nitaletewa. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za uhasibu. Jibu hilo hutolewa na watu ambao hawajazitafuta. Majirani zetu wana "kasma" kwa fungu la bajeti, "masurufu" kwa fedha anazokabidhiwa ofisa atumie kisha azitolee hesabu, "bakaa" kwa kilichosalia, "stakabadhi" kwa risiti, "hati ya malipo", "urari", "mizania", na "hoja za ukaguzi" ambazo zikitajwa tu mtendaji hubadilika rangi. Kuna mwanakijiji asiyejua maana ya masurufu? Yamkini yupo, lakini ataelezwa mara moja akaelewa, na ni wachache miongoni mwetu waliozaliwa wakijua istilahi za Kiingereza zilizo sawa na hizo.

La pili ni kwamba mashambani watu hawazungumzi Kiswahili bali lugha zao. Hilo ni kweli, na ni kweli pia kule Usukumani na Uhehe. Hati iandikwe kwa Kiswahili, ifafanuliwe kwa lugha ya mahali. Katika kaunti ya Makueni, wakati wa gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, mikutano ya kupanga miradi ilianzia vijijini ikapanda hadi ngazi ya kaunti, na kamati za miradi zilizochaguliwa na wakazi zikapewa sauti kabla ya mkandarasi kulipwa. Watu hao hawakukosa lugha ya kuulizia saruji.

La tatu husemwa kwa kunong'ona: kwamba mwanakijiji haelewi hesabu. Anayesema hivyo hajahudhuria mkutano wa chama cha akina mama. Pale mweka hazina husoma daftari kila mwezi, nani ametoa, nani ana deni, faini ya aliyechelewa ni ngapi, na ole wake akikosea shilingi hamsini. Makanisa hutangaza sadaka kila Jumapili. Kamati za harambee zilizojenga shule za sekondari baada ya uhuru zilisoma michango jina kwa jina, ng'ombe kwa ng'ombe. Ujuzi huo upo. Ulikoma kutumika pale fedha zilipoacha kuwa za kamati ya kijijini na kuanza kushushwa kutoka ofisi ya mbali, zikifuatana na karatasi zake.

Jambo moja la istilahi nilitaje kabla sijawageukia walimu, maana limewahi kuwatatiza wanafunzi wangu. "Kata" ya Tanzania ndiyo wadi yetu, yenye diwani wake. "Kata" ya Kenya ni eneo la chifu. Anayesoma sheria za pande mbili bila kulijua hilo atadhani kwamba chifu wetu hupigiwa kura.

Walimu wenzangu, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima, tumewafundisha vijana kuandika risala, ripoti, tahadhari, na kumbukumbu za mikutano ya vyama vya shule ambavyo aghalabu havipo. Kumbukumbu hizo hufunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na katikati mweka hazina hutoa ripoti isiyo na tarakimu hata moja. Napendekeza zoezi jingine. Darasa litafute ukurasa mmoja wa makadirio ya kaunti unaohusu wadi ya shule, liutafsiri, kisha liuandike upya kama taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka, bila kutumia kitenzi chochote cha kauli ya kutendeka. Kila shilingi iwe na mtenda wake. Wakimaliza, wausome kwa sauti siku ya wazazi, polepole, na wazazi waruhusiwe kukatiza.

Watakwama, bila shaka. Watafika kwenye "mengineyo" ya Kiingereza na wasijue ni nini kilichomo. Hapo waandike barua kwa msimamizi wa wadi kumwuliza. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, nayo barua rasmi imo katika silabasi.